Ini la Mtoto na Unga wa Jirani

Daktari alimlaza binti yangu chali, akasugua mikono yake ipate joto, kisha akaanza kumbonyeza tumbo kutoka chini kwenda juu, polepole, kama mtu anayetafuta ukingo wa mkeka gizani. Vidole vyake vilipofika karibu na kitovu vikasimama.

"Ini ndilo hili," alisema.

Mimi na mke wangu tuliinama, kana kwamba tungeliona. Tuliona ngozi tu, imevutwa juu ya tumbo kama ngozi ya ngoma, na mishipa myembamba ikipita chini yake.

"Lilipaswa kuishia wapi?" mke wangu aliuliza.

Daktari akaweka kidole cha mkono wa pili chini kidogo ya mbavu. Kati ya mkono na mkono palibaki nafasi isiyozidi upana wa kiberiti. Tangu siku hiyo nimeishi ndani ya nafasi ile.

Tulikuwa tumekuja kwa ajili ya homa tu. Ilikuwa asubuhi ya baridi ya Kitale, ile inayowafanya watu watembee mikono ikiwa kwapani, na tulidhani tutapewa dawa ya maji turudi nyumbani kabla chai haijapoa. Mtoto alikuwa na miezi kumi. Mashavu yalikuwa bado yapo, na ndiyo yaliyotudanganya. Lakini daktari alipomvua nepi alituonyesha makalio: ngozi imelegea na kujikunja, kama soksi ya mtu mzima kwenye mguu wa mtoto. Tulikuwa tukimwosha kila siku, na hatukuwa tumeona.

Homa iliondoka yenyewe. Damu ndiyo iliyokataa kutulia. Kuna vimeng'enya ambavyo ini likiumia huvimwaga kwenye damu, na vya binti yangu vilikuwa vimepanda mno. Daktari alitafuta homa ya ini, hakuiona. Akatafuta malaria, akatafuta seli mundu, akatafuta virusi ambavyo majina yake sikuwahi kuyasikia. Kila jibu lilipokuja safi tulifurahi mpaka mlangoni pa hospitali. Tukifika nje, furaha ilitugeuka, kwa maana ini lilikuwa bado pale, limevimba, na sasa halikuwa na sababu.

"Mmempa dawa za miti?" daktari aliuliza.

"Hapana," mke wangu alisema.

"Mama, mimi si polisi. Niambie tu. Kuna miti inayoharibu ini."

"Hatujampa."

"Na kukhu je?" Kukhu ndiyo nyanya, kwa lugha ya kwetu, na daktari alikuwa mtu wa huku huku. "Nawajua kina kukhu wa Bungoma. Hawawezi kukaa na mtoto mwenye tumbo hili wasimpe kitu."

Mke wangu alinitazama, nami nikatazama chati ya chanjo ukutani. Mama yake alikuwa anaishi Naitiri, na sisi Kitale. Alikuwa amemwona mtoto mara chache, na hakuwa amempa kitu. Alichokuwa ametuma ni maneno. "Kukhu anasema hiyo ni bandama," mke wangu alikuwa ameniambia wiki ile. "Anasema kuna mama huko Cheptais anachanja chale juu ya tumbo, anapaka dawa, bandama inarudi mahali pake."

"Mwambie hapana."

"Si umwambie wewe?"

Tulicheka wote wawili, kicheko ambacho hatukuwa nacho siku nyingi. Alijua siwezi. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali meza moja. Akiingia mlango wa mbele, mimi hutokea wa nyuma, na tukikutana njiani mmoja huacha njia na kukanyaga nyasi. Tangu nilipooa nilikuwa sijapata kuutazama uso wa mwanamke huyo vizuri. Niliujua mgongo wake, leso yake ya rangi ya kutu, na sauti yake ikitoka jikoni. Hakuna chuki ndani yake. Ni heshima, imekunjwa na kukunjwa tena mpaka ikawa nene kama ukuta, na watu wawili wanaopendana wanaweza kuishi miaka mingi kila mmoja upande wake.

Basi hakuna aliyechanja, na hakuna aliyepona.

Daktari ndiye aliyebadili swali. Siku moja hakuuliza tumempa dawa gani, aliuliza tumempa chakula gani, na tangu lini.

Mke wangu akaeleza kama anayesoma somo analolijua. Maziwa yake pekee mpaka miezi sita. Kisha uji wa lishe: wimbi, mtama, soya, njugu, na ngano ili uwe laini, kama tulivyoelekezwa na kila mtu tuliyemjua. Nilikumbuka kikombe cha kwanza. Mtoto alikunja uso, akafikiri, akameza, akafungua tena kinywa kama ndege, nasi tukapiga makofi.

"Hajaharisha?"

"Hata siku moja, daktari. Choo chake ni kizuri kuliko changu."

Daktari alicheka kidogo. "Ndiyo maana hatukutazama huko," alisema.

Damu ilipelekwa Nairobi. Halafu sisi wenyewe tukapelekwa Eldoret, ambako walimlaza usingizi wakapitisha mpira mwembamba kooni wakachuna vipande vidogo vya utumbo wake. Jibu liliporudi lilikuwa na jina: siliaki. Daktari alituchorea mchoro nyuma ya bahasha. Ndani ya ngano na shayiri kuna kitu kinachoitwa gluteni, na mwili wa binti yetu unapokiona unakidhania adui. Unapigana nacho, na vita vinapiganwa ndani ya utumbo wenyewe, mpaka nyuzi laini zinazofyonza chakula zinalala chini kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe.

"Sasa ini linaingiaje?" niliuliza.

"Damu yote inayotoka kwenye utumbo hupita kwa ini kwanza. Moto ukiwaka kwako, jirani ndiye huanza kukohoa. Watoto wengine huharisha, hawa tunawajua haraka. Wako amekohoa kwa ini."

"Na dawa?"

"Hakuna dawa. Mwondoleeni ngano, na chochote kilichogusana na ngano. Utumbo utajijenga, na ini litarudi. Polepole. Msipoiondoa yote, halirudi."

Tulirudi Kitale tukiwa na jina, na kwa wiki chache jina lile lilitutosha. Tulitoa mkate, tambi, biskuti. Mke wangu alisugua sufuria kwa majivu. Majirani walikuja kutupa pole, wakaishia kucheka.

"Ati hali chapati?" alisema mama wa nyumba ya pili, aliyekuwa akitukaangia chapati kila sikukuu. "Mtoto wa Bungoma? Sasa huyu tutamwoza wapi, bana?"

"Tutamwoza kwa mtu wa ugali," mke wangu alijibu.

"Mahari yenyewe italiwa na nini? Na chai kavu?"

Mtoto alianza kutulia. Alikuwa na tabia ya kulia kilio cha chini kisichoisha, kama mlango unaosukumwa na upepo, na kilio hicho kilikoma. Akaanza kuvuta meza asimame. Kipimo cha damu kilishuka. Daktari alipombonyeza, kidole chake kilisimama juu zaidi, nami niliona mke wangu akifunga macho.

Kisha likizo ndefu ya mke wangu ikaisha. Yeye ni mwalimu, na shule yake iko upande wa Tongaren, karibu na kwao. Mimi nafundisha chuo kidogo hapa Kitale, na saa nyingine naandika riwaya ambazo marafiki zangu wa vitabu huzisifu kwa maneno marefu. Tuliamua mama na mtoto wakae Naitiri kwa kukhu siku za shule, nami nibaki. Mkwe halali kwa wakwe. Nilifungasha sufuria mpya, kijiko kipya, kikombe kipya, na mke wangu akamweleza mama yake kila kitu. Jibu lilinifikia kwa simu, kwa kinywa cha mke wangu.

"Anasema ngano haijawahi kuota kwenye shamba lake. Anasema mtoto atakunywa wimbi alilopanda yeye mwenyewe, akalivuna yeye mwenyewe. Wimbi tupu."

Nilishukuru. Wimbi halina gluteni. Nililala vizuri.

Mwisho wa muhula, vimeng'enya vilikuwa vimepanda tena.

"Kuna ngano inaingia mahali," daktari aliniambia kwa simu, asubuhi, mwanafunzi mmoja akinisubiri mlangoni na insha mkononi. "Tafuteni. Safari hii ini limeongezeka kuliko mara ya kwanza. Sitaki likae hivi, baba. Ini la mtoto likichoka sana huanza kuwa na makovu."

Nilimpigia mke wangu wakati wa mapumziko ya saa nne. Nilisikia watoto wa shule wakipiga kelele nyuma yake. Nilimweleza alichosema daktari.

"Mama anaosha mpaka sakafu," alisema. "Mandazi hayaingii nyumba ile. Mgeni akija na mkate anaambiwa auache kwenye ua. Sasa unataka nimuulize nini? Nimuulize, mama, unamlisha mwanangu sumu?"

"Si hivyo."

"Ni hivyo. Lolote nitakalosema, yeye atasikia hivyo. Mimi siwezi."

Nilifuta vipindi vya siku ile nikaenda mwenyewe.

Kukhu alikuwa jikoni, kijumba cha udongo kando ya nyumba kubwa, na mtoto alikuwa naye. Alipoisikia sauti yangu alivuta leso kichwani na kugeuza mgongo. Nilisimama nje, upande wa ukuta, nikatazama mahindi. Hakukuwa na mtu mwingine boma zima, na hilo peke yake lilikuwa aibu. Mke wangu alikuwa darasani. Siku zote alikuwepo mtu wa kupokea neno huku na kulipeleka kule. Siku ile kulikuwa na kuku mmoja mwekundu akichakura kizingitini.

Nimesimama mbele ya kumbi nikazungumza juu ya lugha. Pale ukutani sikuwa na neno hata moja.

Yeye ndiye aliyeanza.

"Wewe kuku," alisema kutoka ndani, "mgeni amekuja na mke wake hayuko. Mwulize kama kuna msiba."

Nilimgeukia kuku. "Kuku, mwambie hakuna msiba. Ila damu ya mtoto imerudi kuwa mbaya. Daktari anasema kuna ngano inaingia."

Kuni zililia motoni. Mtoto aliniita, "Ba, ba," akijaribu kutambaa kuja, na mlangoni niliona mkono wa kukhu ukimrudisha kwa upole, mkono mkavu wenye unga kwenye kucha.

"Kuku, mwambie huyo mgeni nimepanda wimbi hili kwa mkono wangu. Nimepepeta mimi. Nimeanika juu ya gunia jipya. Mwambie hata mbwa nimemfunga mbali."

"Kuku, mwambie najua. Mwambie nashukuru." Nilijikaza. "Halafu umuulize, likishaanikwa, linasagwa wapi?"

"Ati linasagwa wapi? Si mashine, hapo senta. Wapi kwingine?"

Kuku alichoka nasi akaenda zake. Nami nikaenda senta, penye maduka ya kijiji.

Kwenye mashine ya kusaga kulikuwa na foleni ya wanawake na mabeseni, na mtu wa mashine alikuwa mweupe toka nywele mpaka viatu. Mwanamke aliyekuwa mbele alimwaga beseni lake kwenye mdomo wa mashine. Niliona mahindi, soya, wimbi, na kati yao punje zenye mfereji katikati, za rangi ya asali. Ngano. Unga wa lishe, wa mtoto wake. Kabla wake haujaisha kutoka, aliyefuata alikuwa tayari anamwaga wimbi tupu juu yake.

"Huwa unasafisha kati ya mtu na mtu?" nilimwuliza mtu wa mashine. Ilinibidi nipige kelele, mashine ilikuwa inanguruma.

"Nisafishe nini, bana? Ya huyu inasukuma ya yule!"

"Kwa hiyo kuna unga wa huyu unabaki humo?"

Alicheka, meno yakiwa ndiyo kitu pekee kisicho na unga. "Kidogo tu! Hapa hakuna mtu anakula unga yake peke yake."

Mama aliyekuwa nyuma yangu akaniangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtu wa mjini asiyejua mambo. "Si ndiyo baraka yenyewe? Aliyenitangulia ananiachia kidogo, mimi namwachia anayenifuata. Mkipimiana kila punje mtaishi kweli?"

Alisema kweli. Nimekula unga huo utotoni mwangu wote, wa majirani ambao sura zao nimezisahau. Nilisimama pale vumbi likinitua mikononi, nikawaza kikombe cha uji kikipanda kuelekea kinywa kidogo kilichofunguka kama cha ndege, asubuhi na jioni, kimeshikwa na mtu anayempenda kuliko nafsi yake.

Nilirudi bomani sijui nitasemaje. Kuku hakuwepo. Nikauambia ukuta. Niliuambia kwamba wimbi ni safi, shamba ni safi, mikono ni safi, na kwamba ngano ilikuwa ya jirani, imebaki kwenye mawe ya mashine. Nilieleza kadiri nilivyoweza.

"Ukuta," sauti ilisema, "mwulize, basi ni mimi?"

Hilo ndilo swali ambalo mke wangu alikuwa amelikwepa. Nilitafuta jibu. Kusema hapana kulikuwa uongo, na kusema ndiyo kulikuwa uongo mkubwa zaidi. Nilishika udongo wa ukuta ule kwa kiganja nikakaa hivyo, na nadhani yeye, upande wake, alikuwa analia, kwa maana mtoto alianza kulia pia, kama walivyo watoto wanapoona uso wa mtu mzima ukivunjika.

Baadaye, mtoto alipolala, alitoka. Alipita mbele yangu, leso imeshuka mpaka kwenye pua, akaenda hadi nyuma ya nyumba kubwa, penye bomba la maji ya mvua. Kulikuwa na jiwe pale la kusugulia miguu, bapa, limechimbika katikati kama kiganja. Niliwahi kuosha matope juu yake siku ya kutoa mahari. Aliinama akajaribu kuling'oa, halikusogea. Akajaribu tena.

Ndipo nilipoelewa ni jiwe gani. Mama wa kukhu, mke wangu aliwahi kunisimulia, alikuwa akisaga nafaka juu yake, kabla mashine hazijafika.

Nilitembea nikashika upande wa pili. Hatukutazamana. Yeye alitazama upande wa mlima, mimi nikatazama mahindi, na jiwe likiwa kati yetu tulilibeba hatua kwa hatua, tukipumua kwa nguvu, hadi kwenye beseni. Tulilisugua kwa mchanga na maji ya moto, yeye kona hii, mimi kona ile. Mikono yetu ilikaribiana, lakini haikugusana. Mtu angepita njiani angeshangaa sana, lakini hakupita mtu.

Sijui kama tulifanya jambo la maana. Jiwe husaga kidogo, na magoti ya kukhu si ya msichana. Kanisani bado kuna mikono inayompa mtoto kipande cha andazi kwa upendo, na siwezi kuwa kila mahali penye upendo. Kipimo kilichofuata kilishuka, si sana. Daktari alisema huenda ni jiwe, huenda ni muda tu, na makovu, kama yapo, hayaonekani kwa kidole. "Endeleeni hivyo hivyo," alisema, na alipombonyeza tumbo sikutazama kidole kiliposimama.

Kipimo kingine ni mwezi ujao. Mimi niko Kitale. Asubuhi, kabla ya shule, mke wangu hunipigia simu. Kukhu hazungumzi nami, wala mimi naye, hilo halijabadilika. Lakini siku moja mke wangu alisema, "Subiri, kuna mtu anataka usikie kitu," na simu ikawekwa chini mahali fulani.

Kwanza sikusikia chochote. Kisha nikasikia jiwe juu ya jiwe, kwenda na kurudi, zito, likikwama kidogo, likiendelea. Alisaga muda mrefu. Nilikaa kitandani na simu sikioni, nikisikiliza, mpaka salio likaisha.